Ndege za Kivita na Haki ya Mlipa Kodi Kuuliza

Hotuba iliyotolewa na wakili mbele ya mkutano wa wanaharakati na waumini, Gitothua, Ruiru



Mwaliko wenu ulinitaka niseme juu ya matumizi ya fedha za umma, nami nikachagua ndege za kivita. Najua baadhi yenu mlitazamana mliposikia mada hiyo. Mmezoea kumsikia wakili akizungumza juu ya hatimiliki za mashamba ya kahawa yaliyokatwakatwa kuwa ploti. Tena wapo kati yetu wazee wanaokumbuka enzi za chama kimoja, wakati ambapo mtu aliyeuliza hadharani habari za jeshi angeweza kujikuta katika vyumba vya chini vya Nyayo House. Niwatoe hofu. Hakuna siri nitakayoifichua hapa. Kila nitakalolisema limekwisha kuchapishwa, na hilo lenyewe ni sehemu ya malalamiko yangu, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilichapishwa na watu wa nje kabla ya serikali yetu kutuambia lolote.

Nianze na asili ya jambo. Mwaka 1976, Idi Amin alipokuwa akidai kwamba sehemu za magharibi ya nchi yetu ni mali ya Uganda, na Somalia nayo ikiwa na silaha nyingi za Kirusi, serikali ya Mzee Kenyatta iliiendea Marekani. Mwezi Juni mwaka huo Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Donald Rumsfeld, alifika Nairobi, na makubaliano yakawa ya ndege 12 aina ya F-5, zilizoundwa na kampuni ya Northrop. Zilianza kuwasili mwaka 1978 na makao yake yakawa Nanyuki, katika kituo cha Laikipia. Haukuwa uamuzi wa kipumbavu. F-5 ni ndege ndogo, nyepesi, yenye injini mbili za J85, na iliundwa kwa makusudi kwa ajili ya nchi zisizo na utajiri mkubwa. Fundi aliyefunzwa vizuri anaweza kuihudumia bila kuhitaji nusu ya kiwanda kumzunguka.

Tarehe 1 Agosti 1982 sote tunaijua. Askari wa ngazi ya chini wa jeshi la anga walijaribu kuipindua serikali, na marubani huko Nanyuki wakalazimishwa kwa mtutu wa bunduki kurusha ndege kuja kupiga Nairobi. Marubani hao walidondosha mabomu yao katika msitu wa Mlima Kenya, na mji ukasalimika. Baada ya hapo jeshi la anga lilivunjwa, hata jina likaondolewa, nalo halikurejeshwa hadi mwaka 1994. Nalitaja jambo hili kwa sababu moja. Tangu siku ile, kila swali juu ya ndege hizo lilionekana kuwa swali la uhaini. Kiza kikatanda juu ya bajeti ya ulinzi, na katika kiza kile madalali wakajifunza kutembea bila kujikwaa.

Sasa tufike mwaka 2008. Ilitangazwa katika magazeti kwamba Kenya imekubaliana na ufalme wa Yordani kununua ndege 15 za F-5 zilizokuwa zimetumika, 13 za kiti kimoja na 2 za viti viwili vya mafunzo, kwa shilingi bilioni 1.5. Taarifa zilisema bei hiyo ilijumuisha mafunzo na vipuri. Gawanyeni wenyewe: shilingi milioni 100 kwa ndege moja. Kwa thamani ya wakati ule ni kama dola milioni moja na nusu, ilhali ndege mpya ya kivita ya kisasa hununuliwa kwa makumi ya mamilioni ya dola. Watetezi wa ununuzi huo walikuwa na hoja ambayo siwezi kuidharau. Marubani wetu waliijua F-5. Mafundi wetu waliijua. Karakana ya Nanyuki ilikuwa na vifaa vyake. Kuleta ndege ya aina nyingine kungekuwa sawa na kuanza upya, kuanzia ngazi ya kupandia hadi kombora la mwisho.

Lakini hebu tufikiri kama watu wanaonunua vitu. Hapa Ruiru, mwananchi anayetaka kuagiza gari kutoka Japani huambiwa na sheria kwamba gari hilo lisiwe limezidi miaka 8 tangu kuundwa. Sababu ni kwamba gari kuukuu ni hatari kwa abiria na ni hasara kwa nchi. Yordani ilianza kupokea F-5 zake katika miaka ya sabini, na kiwanda cha Northrop kilikoma kuziunda mwaka 1987. Hivyo hata ile changa kabisa katika aina hiyo ilikuwa imepita miaka 20 mkataba ulipotangazwa. Mwenye matatu hapa Gitothua anakatazwa kuleta gari la miaka 9, na hazina ya taifa inaruhusiwa kuleta ndege iliyomzidi umri rubani atakayeirusha.

Umri peke yake, wanavyosema wahandisi, si hukumu ya kifo. Ndege haihesabiwi kwa miaka tu, bali kwa saa ilizoruka na kwa mikunjo ambayo mabawa yake yameistahimili. Ndege ya miaka 30 iliyotunzwa vizuri katika hewa kavu ya jangwani yaweza kuwa na uhai mwingi kuliko ya miaka 15 iliyochoshwa. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi mwaminifu ni daftari la kila ndege: imeruka saa ngapi, ilipasuka wapi, ilizibwa na nani, injini ilifunguliwa lini mara ya mwisho. Swali la pili ni nani aliyekagua. Akikagua muuzaji peke yake, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu kuna mambo madogo yanayoua. Kiti cha rubani cha kurukia nje wakati wa ajali husukumwa kwa baruti, na baruti hiyo ina tarehe ya mwisho, kama dawa za hospitali. Ikipita tarehe, kijana wa watu anakalia kiti kisichoweza kumwokoa. Matairi, mipira ya mafuta, nyaya zilizokauka, rada iliyoundwa kabla ya kompyuta kuenea, yote hayo hudai fedha mwaka baada ya mwaka. Na kwa kuwa ndege ni ya Kimarekani, hata Yordani haikuwa huru kuiuza ipendavyo. Sheria ya Marekani humtaka mnunuzi wa kwanza apate kibali kabla ya kumpa wa pili. Kwa hiyo anayenunua kwa Yordani amejifunga pia na Washington. Siku uhusiano ukiharibika, vipuri navyo vinachelewa.

Miaka hiyohiyo Brazili nayo ilinunua kutoka kwa Yordani ndege 11 za aina iyo hiyo. Tofauti iko hapa. Brazili ina kiwanda cha Embraer, ambacho kwa kushirikiana na kampuni ya Elbit ya Israeli kilikuwa tayari kimeanza kuzitia F-5 za nchi hiyo rada mpya na vyombo vipya, na ndege ya kwanza iliyofanyiwa hivyo ilikabidhiwa mwaka 2005. Waliponunua kuukuu walikuwa na mahali pa kuipeleka. Kuboresha ndege ya zamani si kubadilisha kioo na rangi. Ukiweka rada mpya, umeme wa ndege hautoshi. Ukiongeza umeme, joto linazidi. Ukipata kombora jipya, kompyuta ya zamani haiwezi kuzungumza nalo. Kila hatua huzaa mkataba mwingine, na kila mkataba una mlango wake wa nyuma.

Bunge la Kumi halikunyamaza kabisa. Kamati yake ya Ulinzi na Uhusiano wa Kigeni, iliyoongozwa na Adan Keynan, ilichunguza ununuzi huo pamoja na ule wa magari ya deraya kutoka Afrika Kusini. Naipongeza kwa kuthubutu. Hata hivyo ilichunguza baada ya mkataba, na kamati inayoitwa mazishi yakiisha haina mengi ya kumfanyia maiti.

Mwezi Oktoba 2011 jeshi letu likaingia Somalia, na ndege zetu zikaruka vitani kweli. Tarehe 30 mwezi huo mabomu yalianguka Jilib. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilisema kambi ya watu waliokimbia njaa ilipigwa, watu 5 wakafa na wengine 45 wakajeruhiwa. Serikali yetu ikasema waliolengwa ni Al-Shabaab. Sitoi hukumu hapa. Ila nawaomba ninyi waumini mwone kwamba suala la kuboresha ndege si la fahari tu. Ndege isiyo na chombo cha kulenga sawasawa humwacha rubani akisia kutoka juu, na chini wapo akina mama. Ilipofika Januari 2016, askari wetu waliposhambuliwa El Adde, familia nyingi za nchi hii ziliuliza swali lingine: msaada wa angani ulikuwa wapi? Maswali yote mawili ni halali, na yote mawili yanarudi kwenye mikataba iliyotiwa sahihi pasipo mwananchi kujua.

Tusidhani ni ugonjwa wa Kenya peke yake. Majirani zetu wametufundisha kwa gharama yao. Uganda ilinunua helikopta za kivita za Mi-24 kutoka Belarus mwaka 1998. Zilipofika ikaonekana hazifai kuruka. Tume ya Jaji Julia Sebutinde ilipofanya kazi yake, Salim Saleh, nduguye Rais Museveni, alikiri kwamba alikuwa ameahidiwa kamisheni ya dola 800,000. Mwaka 2011 nchi hiyohiyo ikanunua ndege 6 mpya za Sukhoi kutoka Urusi, katika mpango wa dola zipatazo milioni 740, na fedha zikachotwa Benki Kuu kabla Bunge halijaidhinisha. Bunge liliitwa baadaye kubariki ndoa ambayo mahari yake yalikwisha kutolewa. Basi mseme: kuukuu zilikuwa na aibu, na mpya zikawa na aibu vilevile. Tatizo halikuwa umri wa chuma.

Tanzania haikununua ndege, ilinunua rada. Mwaka 2001 ilikubaliana na kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, ingawa Clare Short, aliyekuwa waziri wa misaada katika serikali ya Tony Blair, alipinga akisema ni ghali mno na haiwafai Watanzania. Dola zipatazo milioni 12 zilipitia mikononi mwa dalali. Mwishoni mwa mwaka 2010 mahakama ya London iliitoza kampuni faini ya pauni 500,000 kwa kutoweka kumbukumbu sahihi za hesabu, na kampuni ikakubali pauni milioni 29.5 ziwaendee wananchi wa Tanzania, zikaishia katika vitabu na madawati ya shule. Hebu lifikirini hilo. Mtoto wa Kitanzania alikalia dawati lililotokana na rada. Wala fedha hizo hazikurudishwa kwa juhudi za wenye mamlaka nyumbani. Wachunguzi wa Uingereza ndio waliofukua.

Na Afrika Kusini, yenye uchumi unaotushinda kwa mbali, ilitia sahihi mwaka 1999 kununua ndege mpya za Gripen kutoka Uswidi, ambazo hatimaye zikawa 26. Mwaka 2013 waziri wao wa ulinzi alikiri kwamba 12 kati yake zimewekwa ghalani kwa kukosa fedha za kuzirusha. Kuanzia Septemba 2021 hadi mwaka uliofuata hakuna hata moja iliyoruka, kwa sababu mkataba wa matengenezo ulikuwa umekwisha na mpya haujatiwa sahihi. Injili ya Luka, sura ya 14, inamtaja mfalme anayeketi kwanza kuhesabu kabla ya kwenda vitani, na mjenzi wa mnara aliyechekwa kwa kuishiwa msingi ukiwa tayari. Gripen ni mnara wa namna hiyo. Bei ya kununua ndege ni kiingilio tu; mafuta, vipuri, mafunzo na mishahara ya mafundi ndiyo karo yenyewe, na hulipwa kwa miaka 30.

Nirudi nyumbani, kwa tukio ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo makubwa kuliko yote. Januari 2017 tulisikia kwamba Marekani imeidhinisha kutuuzia ndege 12 za Air Tractor pamoja na 2 za mafunzo, kwa kiasi kisichozidi dola milioni 418. Ndege hizo asili yake ni za kunyunyizia dawa mashambani, zikavikwa silaha. Je, tulisikia kutoka Bunge letu? Kutoka Wizara ya Ulinzi? La. Tulisikia kwa sababu sheria ya Marekani huilazimisha serikali yao kulitangazia Bunge lao kila mauzo makubwa ya silaha kwa nchi za nje. Mbunge mmoja wa North Carolina, Ted Budd, akalalamika kwamba bei ni kubwa mno na kwamba kampuni ya jimbo lake, ambayo tayari ilikuwa imeunda ndege za aina hiyo, haikupewa nafasi ya kushindana. Alikuwa akitetea ajira za kwao, sawa, hakuwa akitulilia sisi. Lakini kwa kelele zake Mkenya akajua bei. Mwishowe ununuzi huo haukufanyika.

Ndugu zangu, taifa huru linalopata habari za matumizi yake kutoka kwa mbunge wa jimbo la mbali, hilo halijakamilisha safari tuliyoianza Kamukunji mwaka 1990. Tulidhani kwamba kifungu cha 2A kikifutwa na vyama vikiwa vingi, siri zitayeyuka zenyewe. Kifungu kilifutwa Desemba 1991. Mikataba ya Anglo Leasing, ambayo mingi ilihusu vyombo vya usalama, ilitiwa sahihi na serikali za vyama vingi, mmoja wake ukiwa wa meli ya kijeshi iliyochukua takriban miaka 9 kufika Mombasa.

Sheria inasema nini leo? Katiba ya 2010, kifungu cha 238, inaweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge. Kifungu cha 227 kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa usawa, wa wazi, wa ushindani na usio na ubadhirifu, wala hakikuwaachia wanajeshi mlango wa kutokea. Kifungu cha 229 kinamtaka Mkaguzi Mkuu aseme kama fedha zilitumika kihalali na kwa manufaa. Sheria ya Ununuzi ya 2015, kama ile ya 2005 kabla yake, hugawa mahitaji ya vyombo vya usalama katika orodha mbili, ya wazi na ya siri. Sina ugomvi na kuwapo kwa orodha ya siri. Hakuna mwenye akili anayetaka Al-Shabaab wajue kombora letu linafika umbali gani. Ugomvi wangu ni kwamba bei huingizwa katika siri pamoja na kombora. Adui hapati faida yoyote kujua kwamba tulilipa shilingi milioni 100 badala ya milioni 60. Anayepata hasara tukijua ni dalali.

Tena ipo kesi ya kutia moyo. Sheria ya Ukaguzi ya 2015 ilimtaka Mkaguzi Mkuu akutane kwanza na wakuu wa vyombo vya usalama wakubaliane juu ya mipaka ya ukaguzi, yaani mkaguliwa ashiriki kuchora ramani ya ukaguzi wake. Shirika la Transparency International tawi la Kenya lilikwenda mahakamani, na Februari 2018 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo, kikiwemo hicho. Ushindi ule uliletwa na raia waliolipa ada ya mahakama na kungoja.

Kuna jamaa atakayeniambia, wakili, hizi si fedha za Gitothua, na barabara yetu hapa bado ina mashimo. Ni kweli ina mashimo. Lakini vijana wa mtaa huu huandikishwa jeshini, kambi ya Kahawa iko hatua chache kutoka hapa, na akina mama wao wamo katika viti hivi. Aprili 2024 Mkuu wa Majeshi mwenyewe, Jenerali Francis Ogolla, aliyeanza kazi kama rubani wa kivita, alikufa pamoja na wanajeshi wengine 9 helikopta yao ilipoanguka katika Bonde la Kerio. Ikiwa hata mkuu hupanda chombo kama wapandavyo wengine, basi hali ya ndege zetu ni swali la uhai wa watu kabla ya kuwa swali la fedha.

Kwa hiyo nimeandika rasimu ya ombi kwa Bunge chini ya kifungu cha 119, ambacho humpa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo. Haliulizi tuna ndege ngapi wala ziko wapi. Linaomba kwamba kabla ya ununuzi wowote mpya wa ndege za kivita, kamati ya Bunge ioneshwe, hata kwa faragha, taarifa ya wakaguzi wasio na uhusiano na muuzaji; kwamba gharama za miaka yote ya matumizi ziandikwe karibu na bei ya kununulia; kwamba jina la kila wakala na malipo yake litajwe katika mkataba; na kwamba jumla ya fedha ichapishwe kwa umma. Linaomba pia Bunge litueleze mapendekezo ya kamati ya Bunge la Kumi juu ya zile za Yordani yalitekelezwa kwa kiasi gani.

Nakala ziko mezani kwa katibu wa kanisa. Atakayetia sahihi aandike jina kamili na nambari ya kitambulisho, kwa maana makarani wa Bunge hurudisha maombi yenye kasoro ndogo. Mchungaji amekubali zikae hapo hadi Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili, na Jumatatu nitazipeleka Nairobi mwenyewe. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.